Tarakimu Kumi na Tatu

Usinitajie jina. Majina ya vyuma hudanganya.
Kwa Fundi Byamungu hiki ni kikombe,
kule Panzi wanakiita sikio la mbuzi,
na dereva wa jana alisema, "Kile kitu, dada,
kile kinacholia ukikanyaga breki."
Nipe namba.

Pangusa kwa mafuta ya taa. Geuza penye mwanga.
Nne za mwanzo ni ukoo: 3110, rulema;
2530, breki na usukani, na vyote vinavyokuokoa
kwenye mteremko mvua ikinyesha.
Mbili zinazofuata ni nchi iliyoiandikisha:
12 Mjerumani, 13 Mbelgiji, 14 Mfaransa.
Saba za mwisho hazina maana yoyote.
Baba alipenda sana kusema hivyo:
hizo saba ni kama jina la mtu,
halikuelezi kitu, ila ukilikosea
mwenyewe haitiki.

Alitunza ghala kambini miaka kumi na moja.
Mshahara ukija ulikuja nusu; usipokuja
alinakili katalogi kwa mkono, usiku,
kwa bik ya buluu, ikaisha, kwa nyekundu.
Hakuiba hata nati. Aliiba mpangilio.
Hilo ndilo duka letu hapa Kadutu: meza, mwavuli,
debe la vyuma vya malori ambayo vita viliyasahau barabarani,
na daftari linalonuka grisi.

Mwishoni mwa daftari wamo watengenezaji,
kila mmoja na alama zake tano,
mji wake ubavuni, pengine hata mtaa.
Isipokuwa huyu: 4KD19.
Mbele yake Baba alipiga mstari mtupu, akaendelea.
Nimemtafuta miaka sita. Nimemuuliza
fundi mmoja wa walinda amani, nimemuuliza padri mwenye kompyuta.
Wakapekua. Hayupo.

Jumanne Mama Nabintu akashuka kutoka Cimpunda
na bushi ya kinu chake, kaifunga ndani ya kitenge,
nyeupe kwa unga wa muhogo kama mtoto aliyepakwa poda.
"Kinu kimekataa. Baba yako ndiye aliyeniuzia."
Nikapangusa. Hakuna ukoo. Hakuna nchi. Zile saba, hakuna.
Ila ndani kabisa, ukingoni, mikwaruzo ya msumari
inayopanda na kushuka kama vichochoro vyetu:
4KD19.

Nikakumbuka mashine ya kukereza aliyoiazima Funu,
akiamka saa nane za usiku umeme uliporudi,
na Mama akinung'unika gizani juu ya shuka baridi.
Nne, basi, ni sisi watoto.
K ni hapa tuliposimama.
D ni Deogratias, jina lake la kanisani.
Ile 19 bado sijui. Nimejaribu namba za nyumba,
miaka, zaburi, siku waliyomwachisha kazi.
Hazikai.

"Imelika upande mmoja," nikamwambia Mama Nabintu.
"Ipindue tu, itasaga miaka miwili mingine."
Akaitazama kwa shaka. "Kwani ni ya Ulaya?"
"Hapana."
Nikafungua daftari, nikautafuta ule mstari.
Bik ikakataa. Nikaipulizia pumzi ya moto,
nikaisugua kiganjani,
naye Mama Nabintu bado amesimama, unga miguuni,
akingoja nimtajie bei.