Daftari la Mangi

Jumatatu Mangi Aminieli alibandika karatasi kwenye nondo:
FREMU IMEUZWA. MWISHO TAREHE 30.
Chini yake peni ilikwaruza kidogo, ikaacha,
kama mtu aliyetaka kuandika samahani
akaona wino hautoshi.

Yombo Dovya tukashinda tumenuna.
Nani atatukatia sabuni ya mche vipande vinne?
Nani atapima mafuta ya mia tatu
kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi?
Supamaketi ipo, ng'ambo ya lami,
lakini haina sukari ya mia tano
na mlinzi anakutazama miguu.

Wa kwanza kusema alikuwa Havijawa wa maandazi,
ambaye kwa kawaida hasemi, anahesabu:
"Kila alfajiri ngano kilo nne, mimi peke yangu.
Mtaa huu unakula.
Mtaa unaokula haukosi duka,
unakosa mwenye duka tu. Basi tuwe sisi."

Tukakutana uani kwa Bi Nyamizi, katikati ya kamba za nguo,
kwenye viti vya kukodi, vile vya misibani.
Wapita njia wakatupa pole.
Tukapokea.

Hisa moja, elfu kumi. Hapo ndipo kelele zilipoanza.
Shomvi akasimama: "Cha wote huliwa na panya!
Chama cha kwanza kilikufa, mhazini akaezeka Chanika."
Tukacheka, maana mhazini yule ni shemeji yake.
Anyelwisye, fundi majokofu, hakucheka:
"Sanduku liwe na kufuli tatu,
funguo wapewe watu watatu wasiopendana."
Kwa mara ya kwanza
chuki za mtaa wetu zikapata kazi.

Wiki tatu. Hisa themanini na sita.
Nyingine zilikuja kwa simu, nyingine kwa sarafu
zilizonuka samaki.
Mimi karani, kwa sababu nashona
na watu hudhani anayeshona mstari ulionyooka
ataandika ulionyooka.
Laki tatu na sitini, kodi ya iliyokuwa saluni.
Laki mbili, rafu na mizani ya Mangi.
Kisha Mangi akatoa daftari chini ya kaunta,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli:
"Humu mnanidai... hapana, nawadai laki sita na ushee.
Nipeni laki na nusu, nipande basi."

"Tununue madeni yetu wenyewe?" Shomvi akauliza.
"Nani mwingine atayanunua?" Havijawa akajibu,
akaendelea kuhesabu.

Usiku ule nikalifungua, cherehani imenyamaza.
Hakuandika majina, Mangi. Aliandika watu.
*Mama Maandazi, 4,200, hulipa Ijumaa.*
*Yule wa majokofu, 900, mkali, ana haki.*
*Shomvi, 11,000, usimwambie mkewe.*
*Mwalimu mrefu, 38,500. Amefiwa. Asiulizwe.*
Nikageuza kurasa polepole, nikijiogopa.
*Fundi cherehani, 14,300.*
Na mbele yake neno moja: *Atalipa.*

Nina vyeti viwili na barua ya ndoa.
Hakuna palipowahi kuniandika vizuri hivyo.

Tulifungua Jumamosi, rafu nusu tupu,
sukari ipo, ngano bado iko njiani.
Mteja wa kwanza, mtoto wa miaka sita, alitaka chumvi
akauliza Mangi yuko wapi.
Tukatazamana. Tulikuwa tisa nyuma ya kaunta.

Nimehamishia madeni kwenye daftari jipya.
Langu nikalitanguliza, nikakata elfu mbili.
Katiba yetu, kipengele cha saba,
inasema deni lisivuke mwezi.
Nilipomfikia mwalimu nikanyanyua peni,
nikaishusha, nikanakili kama lilivyo:
*Asiulizwe.*

Wenye funguo wakaja kukagua, mmoja mmoja,
wale watatu wasiopendana.
Kila mmoja alifika kwenye mstari ule
akajifanya hajui kusoma.