Kanuni ya Saba

Kaeni. Uliye mlangoni, ufunge;
ukungu wa Loleza haujasajiliwa kwenye kozi hii.

Mimi ni Tusekile Mwakyambiki. Mtaniona Jumatatu na Alhamisi,
saa moja na nusu asubuhi,
mpaka mahindi ya Uyole yatoe ndevu.
Karatasi mliyoshika niliichapa jana umeme ukikonyeza,
ndiyo maana kanuni ya nne imejirudia.
Itiini mara mbili.

Mmezoea kigeu kimoja: x anatembea barabarani,
y anapanda, anashuka, basi.
Sasa chungulieni dirishani. Pale juu, kwenye minara,
simamisha mtu, muulize mwinamo ni kiasi gani.
Kama ana akili atakuuliza: kuelekea wapi?
Kuelekea mjini, utaporomoka na mawe yako.
Kwa njia ya ng'ombe, inayozunguka ubavu wa mlima,
hupandi wala hushuki.
Mahali ni pale pale. Miguu ni ile ile.
Muhula mzima tutauliza hilo tu,
kwa herufi za Kigiriki.

Koswaki arobaini, mtihani wa mwisho sitini.
Mazoezi ni Ijumaa kabla ya saa kumi,
kwenye sanduku la bati nje ya ofisi yangu.
Saa kumi na dakika moja nalibeba naondoka.
"Madamu, niko Mwanjelwa, bajaji imezima":
simu hizo sipokei.

Fanyeni kazi pamoja. Narudia, pamoja:
watatu, wanne, mkichemshiana viazi.
Kisha kila mtu akaandike peke yake.
Mwaka juzi watu saba waliniletea jibu moja.
Lilikuwa kosa; kosa nasamehe.
Lakini wote saba walikuwa wamekata mstari ule ule
na pembeni wameandika, "ngoja kwanza."
Wote saba.
Ngoja kwanza.

Vikokotoo vibaki mabwenini siku ya mtihani.
Choreni. Hata mchoro mbaya nitauheshimu:
duaradufu inayofanana na kiazi cha Isyonje
ina alama mbili, ukurasa mtupu hauna kitu.
Ukikwama, mlango wangu uko wazi Jumatano mchana.
Usije na "sijaelewa chochote."
Njoo na mstari ulipopotelea.

Sasa, kanuni ya saba.
"Mlango ukishafungwa haufunguliwi."
Niliirithi kwa aliyefundisha kabla yangu,
naye sijui aliirithi kwa nani.
Ipo hapo, imechapwa. Shikeni kalamu.

Mwaka jana kulikuwa na kijana, Anyelwisye.
Kila Jumatatu saa mbili kasorobo,
tope mpaka kwenye vifundo vya miguu.
Nilimfungia mara nne.
Ya tano nilitoka baada ya kipindi
nikamkuta amekaa kwenye ngazi chini ya dirisha,
daftari mapajani, kanda mbili pembeni.
Alikuwa ameandika kipindi chote kwa masikio.
Nilichosema, kipo.
Nilichoandika ubaoni nikanyamaza, amekiachia nafasi:
nafasi ndefu kwa intigrali mbili,
nafasi fupi kwa jibu.
Nilimwambia ajitahidi kuwahi.
Akasema, "Asante, madamu."

Alipata sapu. Septemba niliita jina lake
mara mbili, kama utaratibu unavyotaka,
nikaweka alama ya mkato kwenye orodha.
Sikuwahi kumuuliza alikuwa anatoka upande gani wa mlima.

Kateni kanuni ya saba. Mstari mmoja tu, msiifute,
nataka iendelee kusomeka.

Wewe wa mlangoni, fungua kidogo.
Ndiyo, najua baridi. Mna makoti.
Haya. Vekta. Nani ameondoka na chaki yangu?