Mundu Getini

Mwaka wa saba huu, na Ma'mdogo Havijawa bado ananiuliza,
"Hivi wewe unamaliza lini?"
Wenzangu niliokaa nao dawati moja
wanasaini zamu Temeke, Amana, Mwananyamala;
mmoja amefikisha linta huko Chanika.
Mimi nina makoti mawili meupe.
La wodini lina doa la iodini kifuani,
la maabara limeingia zambarau ya kuchovyea vioo,
na kuna siku nalivaa hili kule, lile huku,
hadi jioni ndipo nagundua.

"Njia mbili zilimshinda fisi," anasema,
akichambua mchele, hata hanitazami.
Sibishi.
Ila fisi alifuata harufu tu,
mfupa wenyewe hakuwahi kuuona.
Mimi nimeuona. Unauma usiku,
unamfanya mtoto wa miaka tisa ang'ate shuka
kisha aombe radhi kwa kupiga kelele.

Anaitwa Shomvi, kitanda cha kumi na nne.
Ghorofa ya pili, ndani ya friji, anaitwa 0417,
nyuzi themanini chini ya sifuri.
Asubuhi namtundikia dripu,
mchana namkuta tena kwenye pipeti, tone kwa tone.
Profesa Rugemalira alituonya siku ya kwanza:
"Wodini mharakishe. Maabara mngoje.
Atakayechanganya, simtaki."
Nimechanganya mara nyingi. Hajanifukuza.

Jumanne umeme ulikatika,
jenereta likakohoa, likanyamaza.
Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friji
asije mtu akaufungua,
nikisoma sura ya figo kwa mwanga wa simu.
Kesho yake mtihani. Asilimia hamsini na mbili.

"Selimundu," Shomvi alisema. "Mundu ndio nini?"
Mtoto wa Mbagala. Na mimi wa Magomeni:
mundu nimeujua kwenye picha, kama yeye.
Basi nikaenda Kariakoo, nyuma ya soko,
nikanunua mmoja, mpini wa mti, meno madogo madogo.
Mlinzi getini akafungua gazeti nililoufungia.
"Daktari, na huu unakwenda kumvuna nani?"
Ukabaki mezani kwake, juu ya daftari la wageni.

Nikarudi mikono mitupu, nikamwomba Sista Tumsifu kiti cha magurudumu.
Tulimpandisha Shomvi hadi kwenye hadubini,
mafaili matatu chini ya makalio ili afikie.
Akafumba jicho moja. Akakaa muda.
"Hizi ni zangu?"
Zako.
"Mbona zimetulia? Humu ndani zinakimbia."
Hilo sikuwa nimeliandika popote.
Nikaandika.
"Utanirudishia lini?"

Lini. Neno la Ma'mdogo, kwa sauti ndogo zaidi.
Nilitaka kumweleza kuhusu ruhusa, kamati,
miaka mitatu ya kuhesabu, miwili ya kuhakikisha,
na kwamba zitakaporudi huenda zisirudi kwake.
Nikasema, sijui.
"Basi ziandike jina, zisipotee."

Jina haliruhusiwi. Namba tu.
Nikampa kalamu na kibandiko kipya,
akaandika mwenyewe, ulimi nje,
sifuri, nne, moja, saba,
mwandiko wa darasa la tatu.
Nne yake imegeukia nyuma.

Mundu bado uko getini.
Mlinzi ameanza kupunguzia nyasi za ukingoni.