Ukurasa wa Arobaini na Moja

Tangu kiharusi kilipokupinda mdomo
umebakiwa na tarakimu tu.
Ukitaka maji, unasema saba.
Ukitaka dirisha lifungwe, kumi na tisa.
Kutaisi nzima ingecheka, Mzevinari, kama ingesikia
kwamba Mungu alipokunyang'anya maneno
aliogopa kukugusa hesabu.

Zamani maneno ulikuwa nayo.
Majira yale umeme ulipokatika miezi
tukachoma viatu vikuukuu na miguu ya viti,
wewe ulikuwa na mafuta ya taa
na mizani ya kupimia dhahabu
na foleni iliyoshuka ngazi hadi uani penye theluji:
Guliko na pete ya marehemu,
mzee Valiko na kodiani yake mgongoni,
daktari wa meno na kopo la meno ya watu.
Ulipima. Ulinusa. Ulikopesha.
Dawa ya deni kulipa, uliwaambia,
na dawa yako ilipanda ishirini kwa mia kila mwezi
hadi mgonjwa akauza kitanda.

Uliponituma kudai nilikuwa na miaka saba.
"Mtoto hatukanwi," ulisema, ukinifunga skafu.
Kweli, hawakunitukana.
Walinipa zabibu kavu, walinipapasa kichwa
huku wakitazama pembeni,
nami nikarudi na mfuko umejaa
na habari za vitu walivyobaki navyo:
saa ya ukutani, zulia, cherehani.
Nilikuwa jicho lako, jicho lililosukwa nywele.

Lakini usiku (nani atanisadiki?)
ulipasha tofali jikoni,
ukalivingirisha kwenye gauni lako la harusi
ukaliweka miguuni pangu.
Ulinifunza kugawanya kwa jozi:
ganda moja, nusu mbili, hii yako, hii yangu,
na hukunipunja hata siku moja.
Uchungu wa mwana, wasema, aujuaye mzazi.
Wewe uliujua wa riba.
Na tofali lilikuwa moto hadi alfajiri.

Wiki ya tatu sasa unasema arobaini na moja.
Nimeleta maji. Nimefunga dirisha. Nimebadili shuka.
Arobaini na moja.
Nikadhani ni homa, nikakupima. Huna homa.
Juzi nikapanda kiti
nikashusha daftari lako juu ya kabati,
lile ambalo sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi.

Mwandiko wako, ulionyooka kama uzio:
*Nazibrola, ghorofa ya tano. Kuponi laki tatu.*
*Pete, hana. Zulia, hana.*
Chini yake, kwa wino mwingine:
*msichana, miaka sita, meno mazima.*
Kisha mstari mwekundu.
*Limelipwa.*

Meno mazima, mama.

Laki tatu. Theluji ilipoyeyuka
hazikutosha hata mkate.
Umewahi kufanya biashara mbaya kuliko hiyo?
Au ndiyo hasara pekee uliyoitaka?

Nimekusomea kwa sauti, mstari kwa mstari,
kama nilivyokusomea majina ya wadaiwa kila Jumamosi.
Jicho lako zima halikupepesa.
Sijui kama ulikuwa unaungama
ama unanikumbusha hesabu ilishafungwa
nisije nikadai.
Nikauliza: alilia?
Ukasema mbili.
Nikauliza: alirudi kunitafuta, alipanda ngazi hizi?
Mbili.
Nikauliza jina langu la mwanzo.
Mkono wako ulio hai ukaanza kupapasa blanketi,
ukitafuta kalamu, au mkono wangu,
sikukusaidia kuchagua.

Nimeenda jikoni. Nimebana jozi kwenye bawaba ya mlango
namna ile ile uliyonifunza, polepole, isisagike.
Imepasuka vizuri.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda chako,
nusu zote mbili ziko kiganjani mwangu,
nawe umefungua mdomo.