Hadubini, Szeged

Kipande chenyewe chembamba kuliko ganda la kitunguu;
mwenyewe alikuwa mlima vitunguu, Makó,
aliyelilia kidole cha mguu uliokwisha kukatwa.
"Maumivu yako kichwani," walimwambia.
Akawaachia kipande cha neva, akaenda zake.

Boglárka anatona kingamwili, tone, tone.
Zimetoka kwa sungura asiyemjua mzee,
kila moja imefunzwa sura moja tu:
kipokezi kilekile kinachoamshwa na pilipili
ya mchuzi wa samaki wa Jumapili.

Anazima taa.
Kwanza hakuna. Halafu kijani, nukta moja,
kisha nukta kama mji uonekanavyo usiku kutoka ndegeni.
Hafurahi bado. Anavuta kioo cha pili,
kisichotiwa tone la sungura: nacho kikiwaka, yote ni uongo.

Giza. Giza tupu, zuri.
Anacheka peke yake, anajionea haya.

Kitanda asichokilalia,
usiku huu amehesabu kunguni wake:
mia mbili na kumi na wanne, kwa penseli.
Jinsi wanavyouma,
daftari halina safu yake.