Ulimi wa Kengele

Padri alinipa ngazi, ndoo, na kitambaa chenye sabuni.
Mwalimu, akasema, wewe uliyesoma Kilatini,
panda ututafsirie maandishi ya kengele
kabla ya jubilei. Njiwa wameyafunika.

Kilatini changu ni cha kuombea tu. Nilipanda.
Chini yangu Katuba: mabati, moshi wa makaa,
mtu anasonga bukari, redio mbili za jirani zinagombana,
na kule mbali bomba la kampuni,
refu, halitoi moshi,
kama kidole cha mtu aliyesahau alichotaka kuonyesha.

Nikasugua. Akatokea kwanza simba mwenye taji,
ulimi nje, makucha hewani
(simba! huko kwao walimwona wapi simba?)
kisha herufi: KWA NEEMA YA MUNGU, MFALME WA
na hapo shaba imemeguka.
Mfalme wa wapi? Neema imebaki, nchi imebanduka.

Nilicheka peke yangu juu ya mnara,
maana jana tu nimeandika ubaoni
vita vya miaka thelathini:
wakuu waliochinjana kwa swali
kama mkate ni mwili au ni ukumbusho wa mwili,
na wakulima wakala majani, wakala ngozi za viatu,
mkate wenyewe haukuwapo.
Nikaandika mapatano, tarehe, mipaka,
kila mkuu na dini yake, kila dini na ua wake.
Nikawaambia: vita ikija waliteremsha kengele
wakaziyeyusha kuwa mizinga;
amani ikija, mizinga ikarudi kanisani.
Shaba ile ile.
Mwaka huu inakuita usali, mwaka kesho inakutawanya.

Kyabu, binti wa fundi baiskeli,
anayelipa ada rejareja na kuuliza kwa jumla,
akanyoosha mkono:
Mwalimu, na shaba yao ilipokwisha,
walichukua wapi nyingine?

Sikuandika jibu. Lilikuwa dirishani,
mlima mweusi wa makapi ya tanuru
ambao watoto wa mji huu huuchora
wakiambiwa wachore mlima.
Babu alichimba kwa ajili ya vita ya pili ya wazungu.
Alipewa blanketi moja na picha ya mfalme;
blanketi lilimzika, picha iliziba tundu la ukuta.
Wapiganapo tembo nyasi huumia, tulifundishwa.
Hatukufundishwa kwamba nyasi hizo
ndizo zilizofuliwa kuwa pembe.

Nikaingiza mkono ndani ya kengele nisafishe na huko.
Ulimi wake si wa shaba.
Ni chuma cha reli, kimepigwa nyundo kwa subira,
na karibu na kichwa, pasipoonekana na mtu wa chini,
kuna mikwaruzo ya msumari:
MWILAMBWE. TANURU LA PILI.

Baba.
Baba ambaye Jumapili alilala hadi adhuhuri,
aliyesema Mungu ana masikio, hahitaji kelele.
Baba aliyerudi na vumbi la kijani kwenye kope
akala kimya, akaosha mikono mara mbili, akala tena.
Miaka yote ile nikiitwa na kengele
nikimwacha kitandani,
kumbe ni yeye aliyekuwa akiniita.
Au labda ilikuwa kazi tu. Msimamizi alimwagiza, akafua.
Ulimi hauna mfupa; wa kwake ulikuwa na reli nzima,
na bado hakuniambia.

Padri akapaza sauti kutoka chini:
Imeandikwa nini?
Jina la mfalme, nikasema. Limefutika.
Na huo haukuwa uongo.

Kisha nikausukuma ule ulimi, kidogo tu,
kama unavyomgusa bega mtu aliyelala.
Saa tisa na robo, saa isiyo ya sala yoyote,
Katuba ikainua uso.