Wa Chini Kwanza

Mchungaji akifika kwenye majina, huruka.
Ulimi wake hujikwaa kwa Shuthela, kwa Eleada,
anafunua kurasa kwa kidole chenye mate
na ghafla tuko kwa Daudi, keshavaa taji.

Mama haruki.
Hajui kusoma, ndiyo maana haruki:
alinunua kitabu kizima, anasema, hakununua nusu.
Umeme ukikatika Majengo
naegemeza simu kwenye kopo la maziwa, tochi ikitazama karatasi,
namsomea ukoo wa watu tusiowadai kitu.

Jana tulifika kwa Efraimu.
Wanawe walishuka kuiba ng'ombe, wakauawa.
"Ng'ombe," mama akasema. "Hata huko."
Akanyamaza. Kaka zake wawili
walibaki barabara ya Masisi, na hawakuiba cha mtu.
"Endelea."

Nikaendelea. Na katikati ya wanaume,
kama punje ya mtama ndani ya gunia la mchele,
binti mmoja: Sheera.
Alijenga mji wa chini, akajenga wa juu,
na wa tatu ukabeba jina lake.
Basi. Baada yake ni wanaume tena.

"Rudia."
Nikarudia.
"Mumewe?"
Hayupo.
"Watoto?"
Hawakuandikwa.
"Mawe alisaidiwa na nani kubeba?"
Sijui, mama.
"Na alianza wa chini?"
Wa chini kwanza, ndivyo walivyoandika.
Akacheka, kicheko cha fundi kwa fundi:
"Huyo alijenga kweli. Mwongo angeanza na paa."

Chini ya mkeka wetu kuna sakafu,
chini ya sakafu jiwe jeusi
lililokuja usiku likiwa uji wa moto,
na chini ya jiwe nyumba nyingine,
na kitanda cha chuma, na sufuria ya harusi yake,
na mlango ambao hatukupata nafasi ya kuufunga.
Tunalala juu ya paa letu.
Mama alirudi jiwe likiwa bado na joto,
viatu vikinuka mpira unaoungua,
akahesabu hatua kutoka mahali palipokuwa na barabara,
akasimama: "Jiko ni hapa."

Karatasi ya parsele ina jina la baba,
aliyekwenda Walikale kutafuta dhahabu
mimi nikiwa sijaota meno.

Leo asubuhi amemwaga simenti ya kizingiti,
chumba cha tatu.
Akaniita, akanipa msumari.
"Andika."
Niandike nini?
"Si ulisoma mwenyewe? Wa tatu unapewa jina."

Nikapiga magoti. K, A, N, Y, E, R, E.
Sijainuka bado, kuku wa Mama Bahati akakatiza,
akaacha nyayo tatu juu ya herufi ya mwisho.
Nikanyoosha mkono nifute.

"Acha," mama akasema.
"Na yeye amepita hapa."